Mbunge Aliyekubali Kushindwa: Miaka 51 ya Wolfgang Schäuble Katika Bunge la Ujerumani

(Hotuba iliyosomwa katika semina ya elimu ya uraia)



Nimeombwa niseme habari za mtu aliyekaa bungeni muda mrefu. Natambua kwamba maneno hayo, kukaa muda mrefu, hayapendezi masikioni mwa watu waliotaabika kwa ajili ya mageuzi. Tumezoea kudhani kwamba aliyekaa sana ni aliyekataa kuondoka, na kwamba kiti kikikaliwa mno hugeuka kuwa mali ya mkaliaji. Dhana hiyo haikuzuka bure. Lakini leo nawaalika tumpime mtu mmoja wa nchi ya mbali, tuone kama ipo namna nyingine ya kukaa.

Mtu huyo ni Wolfgang Schäuble, mhafidhina wa Ujerumani. Aliingia katika Bunge la nchi yake, liitwalo Bundestag, kwa uchaguzi wa Novemba 1972 akiwa kijana wa miaka 30, na alikuwa bado mbunge siku aliyofariki dunia, tarehe 26 Desemba 2023, akiwa mzee wa miaka 81. Ni miaka 51. Katika historia ya mabunge ya taifa la Ujerumani hakuna mwingine aliyefikisha muda huo. Machansela sita walipita mbele ya macho yake, kuanzia Willy Brandt hadi Olaf Scholz, na yeye mwenyewe hakuwahi kuwa mmoja wao.

Sasa hebu tuihesabu miaka hiyo pamoja, kwa maana ndani ya hesabu hiyo mna somo lote la leo. Karibu miaka 19 alikuwa waziri. Karibu miaka mingine 19 alikaa katika viti vya upinzani. Ile 13 iliyosalia alikuwa kiranja na kiongozi wa wabunge wa chama kilichotawala, na mwishowe Spika. Basi mtu huyu, ambaye vitabu vya historia vitamtaja kuwa miongoni mwa wakubwa wa Ujerumani, alikaa upinzani muda uleule aliokaa serikalini. Hakuhama chama ili afuate mamlaka yalikokwenda. Chama chake kiliposhindwa, naye alishindwa pamoja nacho, akabaki.

Schäuble alizaliwa mjini Freiburg tarehe 18 Septemba 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Alisomea sheria, akapata shahada ya udaktari, akafanya kazi kwa muda mfupi katika idara ya kodi. Alikuwa Mprotestanti, na chama chake, CDU, kiliundwa baada ya vita na Wakatoliki na Waprotestanti walioazimia kuacha uhasama wa kale wakafanya siasa pamoja. Uhafidhina wa chama hicho ulikuwa wa kuheshimu sheria, kuchunga fedha za umma, kulinda familia na kanisa, na kushikamana na nchi jirani za Ulaya ili vita visirudi.

Eneo alilowakilisha ni Offenburg, kusini-magharibi mwa nchi, karibu na Mto Rhine na mpaka wa Ufaransa. Mpiga kura wa Ujerumani ana kura mbili: moja ya kumchagua mbunge wa eneo lake, na nyingine ya kuchagua orodha ya chama. Mtu mkubwa wa chama aweza kuingia bungeni kwa mgongo wa orodha hata kama watu wa kwao wamemkataa. Schäuble hakuhitaji mgongo huo. Katika chaguzi 14, watu wa Offenburg walimchagua moja kwa moja mara 14. Kila mara ilimpasa arudi kwao kuomba upya, na kila mara wangeweza kumnyima.

Mwaka 1972 alioingia yeye, chama chake kilishindwa na kile cha Brandt. Kwa hiyo miaka 10 ya kwanza ya ubunge wake ilikuwa ya upinzani. Huko alijifunza kazi: kusoma miswada, kukaa katika kamati, kujua kanuni za Bunge kifungu kwa kifungu. Tarehe 1 Oktoba 1982 serikali iligeuka, na namna ilivyogeuka inafaa kuangaliwa. Katiba ya Ujerumani ya 1949, kifungu cha 67, yasema kwamba Bunge laweza kumwondoa Chansela, lakini kwa sharti moja: ni lazima kwa kura hiyohiyo limchague wa kumrithi. Hakuna kubomoa bila kujenga. Siku hiyo Helmut Kohl alipata kura 256, saba zaidi ya alizohitaji, akachukua nafasi ya Helmut Schmidt. Hapakuwa na risasi wala kifaru barabarani, na aliyeshindwa akarudi kukaa kitini mwake kama mbunge.

Mwaka 1984 Kohl alimfanya Schäuble kuwa mkuu wa ofisi ya Chansela mwenye cheo cha waziri, na mwaka 1989 akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Novemba mwaka huo Ukuta wa Berlin ulifunguka. Katika kiangazi cha 1990 Schäuble aliketi mezani na Günther Krause, mjumbe wa Ujerumani Mashariki, na katika muda usiozidi miezi miwili wakaandika mkataba wa kuziunganisha nchi mbili zilizokuwa zimetenganishwa kwa miaka 40: sheria zake, mahakama zake, mali zake, mishahara na pensheni za watu wake. Mkataba huo wa mamia ya kurasa ulitiwa sahihi mjini Berlin tarehe 31 Agosti 1990, na tarehe 3 Oktoba Ujerumani ikawa moja. Ilikuwa kazi kubwa, lakini haikukosa lawama. Wengi wa mashariki walipofungiwa viwanda vyao walisema kwamba nchi yao haikuungana na nyingine bali ilimezwa, na majeraha hayo hayajapona yote hata leo.

Siku tisa baada ya muungano, tarehe 12 Oktoba 1990, Schäuble alihutubia mkutano wa kampeni katika mji mdogo wa Oppenau, katika eneo lake mwenyewe. Alipokuwa akitoka, mtu mwenye maradhi ya akili alimpiga risasi. Moja ilimpata usoni na nyingine katika uti wa mgongo. Mlinzi wake naye alijeruhiwa. Tangu siku hiyo hakutembea tena. Alikuwa na umri wa miaka 48. Miaka 33 iliyofuata aliitumikia nchi akiwa katika kiti cha magurudumu, na hakukubali kiti hicho kiwe kisingizio chake wala silaha yake. Tena hakuacha kwenda kwa watu, ingawa ni katikati ya watu alikopigwa.

Tarehe 20 Juni 1991 Bunge liliketi mjini Bonn kuamua kama serikali ibaki pale au ihamie Berlin. Vyama viliwaacha wabunge huru, kila mmoja apige kura kwa dhamiri yake, na ndani ya kila chama watu waligawanyika. Zaidi ya wasemaji 100 walisimama, kutoka asubuhi hadi usiku. Wengi waliamini kwamba Bonn ingeshinda. Schäuble aliingia na kiti chake akasema, kwa maneno machache, kwamba shauri hili halikuwa la miji miwili, wala la kazi za maofisa na gharama za safari. Lilikuwa shauri la mustakabali wa Ujerumani nzima. Akawakumbusha kwamba mgawanyiko hauwezi kuondolewa ila kwa watu walio tayari kugawana. Willy Brandt, mkuu wa kale wa chama pinzani, aliinuka akamwendea akampa mkono. Kura zilipohesabiwa, Berlin ilipata 338 na Bonn 320. Waliokuwapo walishuhudia kwamba hotuba ile iligeuza mioyo. Mtu aliyeketi miaka 19 katika Bunge moja, akisikilizwa na kusikiliza, alikuwa amejiwekea akiba ya kuaminiwa, na siku ya haja aliitoa.

Ndugu zangu, kama ningeishia hapo ningekuwa nimewasomea wasifu wa mazishi. Lakini mtu hupimwa pia kwa siku zake mbaya, na za Schäuble zilikuwa mbaya kweli.

Mwaka 1997 Kohl alitangaza kwamba angependa Schäuble amrithi. Lakini uchaguzi wa 1998 ulipofika, mzee aliyekwisha kutawala miaka 16 hakuachia. Aligombea mwenyewe, akashindwa. Schäuble akapewa uenyekiti wa chama kilichoanguka. Mwaka uliofuata ikafichuka kwamba chama hicho kilikuwa na akaunti za siri. Kohl alikiri kwamba alipokea marki kati ya milioni moja na nusu na mbili bila kuziandikisha kama sheria inavyotaka, na akakataa kuwataja waliompa, akisema amewapa neno lake la heshima. Fikirini jambo hilo: heshima ya watoaji wa siri iliwekwa juu ya sheria ya nchi.

Na Schäuble? Desemba 1999 aliulizwa mbele ya Bunge habari za mfanyabiashara mmoja wa silaha, Karlheinz Schreiber. Alijibu kwamba walikutana katika karamu moja mwaka 1994. Mbunge mmoja wa mrengo uliotawala akamwuliza kama mkutano huo ulikuwa na sanduku au hapana. Akajibu, bila sanduku. Habari za fedha hakuzitaja. Januari 2000 alilazimika kukiri kwamba alipokea kutoka kwa mtu huyo marki 100,000 taslimu kwa ajili ya chama. Aliliomba Bunge radhi. Mwezi uliofuata, Februari 2000, akatangaza kwamba anaacha uongozi wa wabunge na uenyekiti wa chama pia. Aliyemrithi katika chama alikuwa katibu mkuu wake, mwanamke kutoka mashariki, Angela Merkel.

Sitamtetea. Aliwaficha wabunge wenzake ukweli, na mbele ya Bunge lilelile lililomjengea heshima. Lakini tazameni jinsi nchi ilivyolishughulikia jambo hilo. Magazeti yaliuliza wala hayakufungwa. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi. Spika, ambaye kwa sheria ya nchi hiyo ndiye mkaguzi wa fedha za vyama, aliamuru CDU ipoteze ruzuku ya serikali ya takriban marki milioni 41 kwa sababu ya hesabu zisizo za kweli. Chama kikaenda mahakamani, na mwishowe mahakama zikaikubali amri ya Spika. Hakuna aliyesema kwamba kumchunguza mkubwa ni kuitukana nchi. Na mkubwa huyo alishuka kiti. Cheo ni dhamana, na aliyeitia dosari dhamana hana budi kuirudisha mikononi mwa waliompa.

Alishuka, lakini hakutoweka wala kuunda chama chake cha hasira. Alirudi kuwa mbunge wa kawaida, akaketi chini ya uongozi wa yule aliyekuwa msaidizi wake. Mwaka 2002 watu wa Offenburg walimpa kura tena. Mwaka 2004 alitajwa kwa urais wa nchi, lakini viongozi wa mrengo wake wakamchagua mwingine. Mwaka 2005 Merkel aliposhika serikali alimrudisha katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Katika wizara hiyo alifanya jambo jema la kukumbukwa. Septemba 2006 aliwaita Waislamu wa Ujerumani mezani katika mkutano wa kwanza wa aina yake, akasema waziwazi kwamba Uislamu ni sehemu ya Ujerumani na ya Ulaya. Kutoka kinywani mwa mhafidhina wa chama chenye jina la Ukristo, neno hilo lilikuwa na uzito. Lakini wizara hiyohiyo ilimfanya aogopwe na watetezi wa haki za raia. Kwa hofu ya ugaidi alitaka polisi wapewe ruhusa ya kuingia kwa siri katika kompyuta za watu, na aliunga mkono sheria ya kuhifadhi kumbukumbu za simu za wananchi wote. Maelfu ya raia walikwenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2010 mahakama hiyo ikaifuta sheria ya simu. Serikali ilitii. Sisi tulio katika shughuli za haki tukumbuke kwamba hata kiongozi tunayemheshimu huhitaji mtu wa kumzuia. Imani yetu kwake haitoshi kuwa kinga yetu.

Kuanzia 2009 hadi 2017 alikuwa Waziri wa Fedha. Nyumbani alisifiwa: mwaka 2014 serikali ya Ujerumani ilimaliza mwaka bila kukopa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1969. Ugenini mambo yalikuwa mengine. Ugiriki ililemewa na madeni, ikapewa mikopo ya kuiokoa kuanzia 2010, na Schäuble alikuwa miongoni mwa walioshikilia kwa nguvu kwamba kila senti iandamane na masharti: kupunguza pensheni, kuongeza kodi, kuuza mali ya umma. Mwaka 2013 zaidi ya robo ya Wagiriki waliotaka kazi hawakuwa nayo. Julai 2015 Wagiriki zaidi ya 61 katika kila 100 waliyakataa masharti kwa kura ya maoni. Siku chache baadaye Schäuble akatoa pendekezo kwamba Ugiriki yaweza kutoka katika sarafu ya euro kwa muda. Mwishowe ilibaki, kwa masharti makali.

Hapo ndipo ninapoona mpaka wa kipimo chetu. Schäuble aliwajibika kwa watu wa Offenburg na kwa Bunge lake. Kila mkopo wa Ugiriki ulipigiwa kura mjini Berlin, na Agosti 2015 wabunge 63 wa mrengo wake mwenyewe walipinga mkopo aliouombea kura. Hiyo ni demokrasia. Lakini mzee wa Athens aliyekatwa pensheni hakuwa na kura Offenburg. Maamuzi yalimfikia bila ya yeye kuwa na pa kumshtaki aliyeyatoa. Nchi zinazodaiwa zinaelewa uchungu huo bila kuelezwa. Mbunge aweza kuwa mwaminifu kabisa kwa wapiga kura wake na bado akawaumiza wasiomchagua, na swali hilo hakulijibu yeye, wala sisi hatujalijibu.

Oktoba 2017 alichaguliwa kuwa Spika. Katika uchaguzi wa mwaka huo chama kipya cha mrengo wa kulia kabisa kilikuwa kimepata kura zaidi ya 12 katika kila 100, na wengi waliingoja ghasia. Katika hotuba yake ya kwanza aliwaambia wabunge kwamba mabishano ni chakula cha demokrasia, mradi yafuate kanuni, na kwamba hakuna kundi linaloweza kudai kuwa lenyewe peke yake ndilo wananchi. Alijaribu pia kupunguza idadi ya wabunge iliyokuwa ikiongezeka kila uchaguzi, akashindwa. Bunge la 2021 lilikuwa na watu 736.

Uchaguzi huo wa 2021 ndio uliomshusha kwa mara ya mwisho. Mgombea aliyempigania ndani ya chama, Armin Laschet, aliongoza mrengo wao kwenye matokeo mabaya kuliko yote ya tangu 1949. Schäuble alijitoa katika uongozi wa chama. Tarehe 26 Oktoba 2021, kwa kuwa ndiye mbunge wa muda mrefu kuliko wote, alifungua kikao cha Bunge jipya, kisha akamkabidhi kiti Spika mpya, mwanamke wa chama kilichowashinda. Akarudi katika viti vya upinzani alikoanzia mwaka 1972.

Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 2024, baada ya kifo chake, aliandika kwamba mwaka 2015, wakati wa msukosuko wa wakimbizi, alishawishiwa amwangushe Merkel ili yeye awe Chansela. Aliona kwamba Merkel amekosea katika mengi, lakini alikataa. Kiti alichokitamani maisha yake yote hakutaka kukipata kwa njia hiyo.

Ndugu wapendwa, twauliza sana: huyu amekaa miaka mingapi? Ni swali la haki, na ukomo wa mihula kwa wenye kushika dola una sababu zake. Lakini kwa mbunge yapo maswali mengine ya kuongeza. Je, waliomtuma waliweza kumkataa kila mara, kwa kura ya siri iliyohesabiwa kweli? Aliposhindwa, alikaa wapi na alifanya nini? Alipokosa, palikuwa na mahakama, Bunge na magazeti ya kumfikia? Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema. Schäuble alikuwa na makosa ambayo sikuyaficha, lakini alikuwa mshindani, na nchi yake ilikuwa imejenga uwanja ambamo hata mkubwa hana budi kushindana. Uwanja huo ndio wa kutamaniwa kuliko mtu mwenyewe.

Alizikwa Offenburg, miongoni mwa watu waliompigia kura mara 14. Kiti chake bungeni hakikubaki kitupu kwa muda mrefu. Sheria ya wakati huo ilisema kwamba mbunge akifa, nafasi yake ijazwe na jina linalofuata katika orodha ya chama chake. Jina likaitwa, mtu akaja, akaketi, na kazi ya Bunge ikaendelea.